Kiwanja cha Bahari

"Mama, kwani hawa hawajui bamvua?"

Aliyeuliza hajafikia umri wa kuanza shule. Mimi nilikuwa mbele yake, maji ya mapajani, kanga imenigandama, nikivuta kamba ya hema lililokuwa limeshika njia ya Unguja. Mama yake, ndoo kichwani, ana adabu zake: aligeukia mikoko kwanza, ndipo akacheka. Ni Jumapili iliyopita tu. Mabega yake yanavyotikisika bado nayaona.

Naye mtoto ana haki ya kushangaa, maana bamvua halimvizii mtu. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa kuwa dunia ikimaliza kujizungusha hukuta mwezi umeshasogea, ikabidi iufuate. Mwezi ndio mvutaji mkuu. Jua, na ukubwa wake wote, liko mbali mno. Nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, tukapata maji mafu: bahari inapanda na kushuka kivivu. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hujipanga mstari mmoja, na hapo ndipo bamvua. Dar es Salaam hadi Mombasa, kati ya kujaa na kupwa kwake hupita mita 3. Tena lina saa zake! Hujaa pomoni mnamo saa kumi, jioni na alfajiri. Hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Mvuvi hatafuti jedwali. Anatazama mwezi, basi.

Aliyechomeka kibao cha kambi yetu alikuja siku ya maji mafu, akaona mchanga mkavu, akagonga nyundo, akaenda zake kunywa chai.

Tungefika mchana tungeona mstari wa mwani mkavu ulivyo juu ya kile kibao. Lakini langoni tulikalishwa tangu alasiri hadi giza kwa swali moja: "Wageni wenu wako wapi?" Nikajibu wageni ni sisi. Askari akachungulia ndani ya gari, akafungua buti, akainua godoro. Mzungu hakuonekana. Akataka barua ya kampuni. Kampuni gani? Iliyowatuma. Nyuma yetu ikafika familia ya Wazungu. Wakaambiwa karibuni sana, wakapewa na kijana wa kuwabebea mizigo, maana pale gari huachwa langoni na kambini huendwa kwa miguu. Kwa kweli hapo sikucheka, na hata leo sicheki. Redioni tunahimizwa kila wikendi tutembelee vivutio vyetu. Tukivitembelea, tunapekuliwa kana kwamba tumemficha mwenye navyo chini ya godoro.

Hatimaye tukaruhusiwa, kwa onyo: hema ni pale penye kibao, ukisogea hatua moja ni faini. Tukajitwika hema, sufuria, jiko na mkaa. Shemeji yangu, mtu wa Dodoma, aliusifu sana ule mchanga: mgumu, unyevunyevu, unashika vigingi vizuri. Saa nne usiku bahari ilikuwa mbali hata sauti yake hatuisikii, naye akalalamika kwamba tumelipia ufukwe tukapewa uwanja wa mpira.

Saa tisa usiku aliniamsha kuniuliza kama nimemwaga maji. Dakika chache baadaye godoro lilikuwa linaelea, yeye akiwa juu yake, anasoma dua. Tulikimbilia kwenye mivinje na sufuria moja. Maji yalipoanza kurudi, yaliondoka na hema.

Asubuhi tumbili walichukua mkate. Mkaa haukuwaka. Gari nalo halikuwaka.

Tulipotoka niliomba kukiona kitabu cha langoni. Kina safu tatu: mgeni, dereva, mpishi. Shemeji ameandikwa dereva. Mimi, kwa ajili ya ile sufuria, mpishi. Safu ya wageni, mbele ya majina yetu, ina kistari. Kwa hiyo siku wakubwa watakaposimama kulaumu kwamba wananchi hawana utamaduni wa kupiga kambi, msibishane nao. Takwimu wanazo.