Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Besiboli: Njooni Mchukue na Kumbukumbu

Kumb. Na.: hazihesabiki

Kwa Kamishna,
Ligi Kuu ya Besiboli (MLB),
New York.

YAH: KUKABIDHI MALI YA TIMU INAYOSHIKILIWA NA SHABIKI KINYUME CHA UTARATIBU

Mheshimiwa Kamishna,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Tarehe 16 Novemba 2023 wamiliki wa timu zako 30 walipiga kura, na wote 30 wakaridhia Athletics waondoke Oakland, California, waende Las Vegas. Baba yangu, aliyekulia Tanga enzi za chama kimoja, aliposikia matokeo alisema hata kwao kura za hapana zilikuwepo.

Timu imeondoka na jina lake, rangi zake za kijani na dhahabu, tembo wake mweupe wa kwenye nembo na makombe yake yote, yakiwemo manne iliyoyachukua ikiwa kwetu. Lakini makarani wako wamepitiwa. Ziko kumbukumbu ambazo hadi leo zimo kichwani mwangu, nazo kwa hesabu ya kura ile ni mali ya timu. Mimi ni raia mtiifu, sipendi kukaa na vitu vya watu. Naomba nielekezwe namna ya kuzikabidhi.

Nianze na za baba, maana ndizo kongwe. Alifika Oakland kusoma mwaka 1974, timu ikiwa inachukua ubingwa wa World Series kwa mara ya tatu mfululizo, akadhani ndivyo mambo yatakavyokuwa siku zote. Mmiliki wa enzi hizo, Charlie Finley, alikuwa na baghala aliyempa jina lake mwenyewe, na mwaka 1972 aliwalipa wachezaji dola 300 kila mmoja wafuge masharubu. Baba alikuwa amezoea soka la dakika 90. Mchezo usio na saa, unaoweza kuendelea mpaka watoto wasinzie, haukumwingia akilini kwa muda mrefu. Masharubu aliyaelewa siku ileile. Akafuga.

Finley hakuwa malaika. Timu aliitoa Kansas City akaileta kwetu mwaka 1968, na Kansas City nao walikuwa wameipokea kutoka Philadelphia mwaka 1955. Sisi watu wa Oakland hatuwezi kujifanya tuna mikono misafi. Tulipokea mzigo bila kuuliza risiti. Ila mwaka 1976, Finley alipotaka kuwauza Vida Blue, Rollie Fingers na Joe Rudi kwa jumla ya dola milioni 3.5, aliyekalia kiti chako wakati huo, Bowie Kuhn, aliufuta uuzaji huo akisema haukuwa kwa maslahi ya besiboli. Wachezaji watatu tu, Mheshimiwa! Naomba kujua hayo maslahi ya besiboli yamehifadhiwa kabati gani siku hizi, maana timu nzima imepita mlangoni na hakuna aliyetafuta ufunguo.

Mzigo utakaohitaji kontena lake peke yake ni Rickey Henderson. Alikulia Oakland, na katika maisha yake ya uchezaji aliiba vituo 1,406, rekodi ambayo hakuna aliyeikaribia. Kwa wasomaji wengine wa barua hii: katika besiboli, mchezaji akichomoka wakati mrushaji anatupa mpira na akafika salama kituo cha mbele, husemwa ameiba, na uwanja mzima humshangilia. Tarehe 1 Mei 1991, alipoivunja rekodi ya Lou Brock mbele yetu, aliking'oa kituo chenyewe akakinyanyua juu ya kichwa. Nilikuwa mdogo, nikaamini wizi wote hufanywa hivyo: mchana kweupe, mbele ya umati, mwizi akionyesha alichokichukua. Ofisi yako haijanipa sababu ya kubadili imani hiyo. Henderson alifariki Desemba 2024, miezi mitatu haijatimia tangu mchezo wetu wa mwisho. Huyo basi hamtamhamisha.

World Series ya 1989 muibebe taratibu. Tulikutana na jirani zetu wa ng'ambo ya ghuba, Giants wa San Francisco, na tarehe 17 Oktoba, kabla ya mchezo wa tatu kuanza, ardhi ilitetemeka. Watu 63 walikufa. Michezo ilisimama siku 10, kisha tukamaliza kwa ushindi wa 4–0 ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kuupigia honi barabarani.

Ya Septemba 4, 2002 sitaificha. Tulikuwa tumeshinda michezo 19 mfululizo. Tukawa mbele ya timu nyingine ya Kansas City 11–0, nikaanza kuwacheka watu, halafu wakasawazisha: 11–11. Scott Hatteberg wetu akaingia na gongo akaupiga mpira ukatoka nje ya uzio. Ishirini! Brad Pitt alikuja kuigiza katika filamu iliyotokana na msimu ule, lakini hakukaa jukwaani pamoja nasi, na koo lililokauka ni langu, si lake.

Uwanja wenyewe, Coliseum, siwezi kuutetea. Ulifunguliwa mwaka 1966, na mwaka 2013 maji taka yalifurika vyumba vya kubadilishia nguo hadi timu zote mbili zikaoga bafu moja ghorofa ya juu. Palikuwa na oposamu aliyehamia kibanda cha watangazaji. Huyo angalau alibaki.

Sasa nije kwenye kosa letu, yaani kutojaza viti. Mwaka 2022 walipelekwa timu nyingine Matt Olson, Matt Chapman na wenzao waliokuwa na thamani, na mwaka uliofuata timu ilipoteza michezo 112 kati ya 162. Kisha tukaulizwa kwa mshangao: mbona hamji? Tukaja. Tarehe 13 Juni 2023 tulikuwa watu 27,759, wengi tumevaa fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki auze timu, ngoma zikilia jukwaani. Wewe ukatamka kwamba ni jambo zuri kuona, kwa usiku mmoja, umati unaokaribia wastani wa ligi. Asante kwa takwimu. Msibani nako wenye nyumba huwa hawachoki kuwahesabu waliochelewa.

Mmiliki, John Fisher, ambaye familia yake ilianzisha Gap, zile jinzi zinazofika kwao baba Tanga ndani ya marobota ya mitumba, alituandikia barua Septemba 2024 kwamba walijaribu kubaki wakashindwa, na anasikitika. Nimeiweka pamoja na kofia yenye kaulimbiu ya timu iliyojisifu kuwa mizizi yake iko Oakland. Siku ya mwisho, 26 Septemba, tulikuwa 46,889, tukawafunga Texas 3–2, na watunza uwanja wakawagawia watu udongo. Nina kikombe cha udongo huo. Mizizi sijui ilikwenda wapi.

Najua kwa sasa hamna pa kuzipokea kumbukumbu hizi. Uwanja wa Las Vegas bado unajengwa, na tangu 2025 timu imepanga West Sacramento, kwenye uwanja mdogo wa watu kama 14,000, wenyeji wake wakiwa timu ya chini inayolea vijana wa Giants, wale wale mahasimu wetu. Tena imeacha kujiita kwa jina la mji wowote. Inaitwa Athletics, basi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu akitakiwa atunzwe, zawadi ipelekwe anwani gani?

Kwa hiyo naomba nijibiwe mambo matatu: kama kumbukumbu zinasafirishwa kwa gharama yangu au yenu, kama za baba, ambaye hajanyoa, zinakubalika zikiwa na masharubu, na kama mtoto wangu, anayewapenda Athletics bila kuwahi kuwaona wakishinda chochote, naye ahesabiwe kuwa mali.

Wako katika ujenzi wa uwanja,

Shabiki, jukwaa la ngoma, Oakland.

Nakala:
Mashabiki wapya wa Las Vegas, ambao jimbo lao limeahidi hadi dola milioni 380 za umma – kwa taarifa na tahadhari.
Kansas City na Philadelphia – jalada.