Bogenvilia ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipofika kwetu Nyankumbu, Geita, akitokea kijijini, hata salamu hazijaisha alikwishaiona bogenvilia ukutani: majani haba, udongo mwekundu umepasuka chini yake. Akahukumu papo hapo. "Mayu, mti huu mnaunyima maji!"

Tangu siku hiyo maji ya kuoshea mboga, ya kusuuzia nguo, hata dumu la kununua, yote yakaishia kwenye shina. Ikafuata samadi ya ng'ombe, debe baada ya debe. Nilimweleza kwa adabu kwamba mmea huu asili yake ni Amerika Kusini. Kwamba Mfaransa Philibert Commerson aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akauita kwa jina la mkuu wa msafara wao, Bougainville. Na kwamba ukishibishwa maji na samadi, nguvu zake zote huenda kwenye majani. Sharti uone kiu ndipo uchanue. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Mfaransa alikuwa na ng'ombe wangapi?"

Bogenvilia ikanenepa. Mvua zilipokaribia kukatika ilikuwa imeparamia bati na kuziba mfereji unaopeleka maji kwenye tangi, na haina ua hata moja. Mvua inanyesha, tangi linabaki tupu, na mbele yetu kiangazi cha Juni hadi Septemba! Siku miiba ilipochana kitenge kipya cha Mama, mume wangu, Baba Kulwa, alichukua panga akaikata bogenvilia, ikabaki usawa wa kiuno.

Mama alisusa ugali. Alisema amekatiwa mjukuu. Kwa hasira akaapa kutoigusa tena bogenvilia, na Mama akiapa ameapa. Juni ikapita, Julai ikapita, vumbi la barabarani likaifunika.

Agosti machipukizi mapya yakawaka zambarau. Niliwaita wanangu Kulwa na Doto nikawaonyesha: rangi ile ni ya majani yanayolizunguka ua, ua lenyewe ni dogo, jeupe, limekaa katikati. Kwa nyua zetu za Geita, zenye jua la kutwa na maji ya kuhesabu, sijaona mmea wa maua unaotufaa kuliko huu.

Mama anasema samadi yake ndiyo imejibu. Majirani wanaoomba mbegu anawakatia mwenyewe matawi yaliyokomaa, unene wa penseli, na kila mmoja humpa na debe la samadi. Mimi nawasindikiza hadi getini, nikiwanong'oneza wakaimwage kwenye mchicha.