Maskati au Oulu

Mume wangu alipata mkataba wa kufunga viyoyozi Maskati wiki ileile niliyopata mimi nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Oulu, kaskazini ya Ufini, na ufadhili juu yake. Huko kwake fundi viyoyozi hakosi kazi: Juni 2018, katika mji wa Quriyat, mwendo wa gari tu kutoka Maskati, ulipita usiku mzima joto halijashuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku, nasema. Huku kwangu, mwenye kutaka ubaridi hufungua dirisha. Watu walitupongeza kwa bahati ya kuchagua. Hawakujua, au walijifanya hawajui, kwamba kwetu Unguja mtu hachagui nchi peke yake. Huchaguliwa, na kila anayemchagulia ana sababu zake mwenyewe.

Maskati ina mwenyewe, naye ni shangazi yangu. Alihamia huko miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na watu wengi wenye asili ya Oman waliotawanyika na Mapinduzi ya Zanzibar kupokewa. Habari za mkataba zilimfikia kabla sijamwambia mama yangu. Tangu hapo ujumbe wake wa sauti ulikuwa ukiingia mara tu baada ya sala ya alfajiri. Chumba tayari, shule ya watoto tayari, muuza nyama keshaambiwa. "Mtakaa kwangu," alisema, na haikuwa karibu, ilikuwa hukumu. Kisha ikaja orodha ya vitu vya kumpelekea: pweza mkavu, ubuyu, karafuu, na mikate ya ufuta, ila mikate iwe ya moto. Ya moto! Kutoka hapa mpaka Maskati, kwa ndege!

Sina ubaya na Maskati. Ukumbini kwa shangazi utasikia Kiswahili cha mjini hasa, kuliko hata Darajani siku hizi, na utakula urojo usiouona popote. Lakini naijua nyumba ile. Ukikohoa saa mbili asubuhi, saa tatu jamaa wa Seeb wameshakuletea dawa, na saa nne mama yangu ananipigia kutoka Unguja kuuliza kwa nini nimeficha kama ninaumwa.

Ufini tulikuwa na mtu mmoja tu. Jirani wetu wa zamani, mzungumzaji wa baraza ya Jaws Corner, ambaye bao moja la mpira alikuwa akilisimulia tangu ukoo wa kipa, na kahawa ikapoa, na watu hawaondoki. Ameishi Oulu miaka mingi. Tukampigia, tukaweka simu katikati, tukaandaa chai kwa kikao kirefu.

"Habari za huko, bwana?" aliuliza mume wangu.

"Nzuri."

"Baridi?"

"Ipo."

"Na watu?"

"Wapo."

Tukangoja. Hakuongeza kitu. Mwisho akasema, "Mkija, nipigieni kwanza. Siku mbili tatu kabla." Mume wangu alikata simu na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. "Wamemfanya nini?" Mimi nilikuwa nimeshaanza kuipenda nchi ile.

Yeye akaona dawa yangu ni kuonjeshwa. Usiku mmoja wa Machi, joto la kaskazi likiwa limetukaba, aliteremsha kiyoyozi cha chumbani mpaka nyuzi 16, akaongeza na feni. "Haya, Mama Nasra, hii bado ni Ufini ya kiangazi." Nilikuwa nimejiandaa. Nilikwishanunua koti la mtumba Darajani, zito, lenye manyoya shingoni, na muuzaji alifurahi kuondokewa nalo hata akaniongezea soksi bure. Nikalivaa, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikakaa kitandani kama balozi.

Karibu na usiku wa manane yuniti za umeme wa Tukuza zikaisha. Giza, kimya, na joto likarudi lote kwa pamoja. Nikashika zipu: haishuki. Nikashika tena. Mume wangu akaja na tochi ya simu na mafuta ya nazi, Nasra akavuta pindo la chini, mdogo wake akalia kwa kuwa wote tunalia. Nilipoona roho inataka kutoka, nikatoka mimi, nikakaa barazani kutafuta upepo, koti mwilini, manyoya yamelowa mafuta. Jirani alikuwa akipita.

"Pole, jirani. Malaria?"

"La, ni Ufini."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwenyezi Mungu akuondolee."

Kulipopambazuka nilikuwa nimeletewa uji kutoka nyumba tatu.

Baada ya hapo Bi Mkubwa, mama yangu, aliona mambo yameharibika kiasi cha kuitisha kikao. Shangazi alihudhuria kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Ami, mwalimu mstaafu, ndiye aliyefungua, na alifungua kwa historia. "Seyyid Said alikuwa na Maskati yake, na mtu wa kumkataza hana. Akaja kuweka makao hapa, penye kivuli na karafuu. Nyinyi nani mumsahihishe?" Simu ikajibu kutoka kwenye sukari kwamba Seyyid Said hakuacha kurudi Maskati. "Na alifia wapi?" Ami aliuliza taratibu. Kila aliyesoma kwake anajua: baharini, 1856, akitoka Maskati kurudi Unguja. "Basi ndiyo hayo, kuwa na miji miwili." Pakawa kimya, sambusa zikapitishwa.

Bi Mkubwa hakushughulika na masultani. Alitaka kujua jua la Oulu linazama saa ngapi. Nikamweleza ukweli: Juni linazama saa sita za usiku, na watu hawajalala vizuri limeshatoka tena, Desemba linatoka saa nne na nusu asubuhi na kuzama saa nane mchana. Hapo Ami akaomba kalamu. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, akahesabu kwa vidole, akaandika, akakagua, akavua miwani. "Mwaka 2030 itaingia Januari," alisema, "na nyingine itaingia mwisho wa Desemba, mwaka huohuo. Futari saa nane mchana." Aliyatamka maneno hayo kwa upole kama anayesoma mirathi yake.

"Na ikiangukia Juni?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Hiyo mpaka mwisho wa miaka ya 2040. Mimi sitakuwepo."

Seyyid Said hakutajwa tena siku ile. Mdogo wangu naye, aliyekuwa akipekua simu pembeni, akatangaza kwamba Oulu ndiko yanakofanyika, tangu 1996, mashindano ya dunia ya kupiga gitaa lisilokuwepo. Mtu anapanda jukwaani mikono mitupu na kucharaza hewa. Nikajua nimekwisha. Bi Mkubwa akafikiri kidogo. "Lisilokuwepo? Alhamdulillahi, ndiyo halina makelele."

Aliyebaki ni mume wangu, na madai yake yalikuwa ya haki: yeye akapoze nini huko? Siku kadhaa alinuna, kisha usiku mmoja akaniamsha, macho yanamwaka. Alikuwa amesoma kuhusu pampu za joto. Ufini zimefungwa zaidi ya milioni moja, katika nchi yenye watu milioni tano na nusu, na nyingi ni kiyoyozi kilekile alichokizoea, kimegeuzwa kazi: gesi yake inachota joto dogo lililoko nje, hata kwenye baridi kali, kompresa inaikandamiza gesi hiyo, joto linaingia ndani. "Mama Nasra, hawa wanaitumia mashine yetu kwa upande wa nyuma!" Alisema "yetu" kama aliyeiunda yeye. Kesho yake akawaandikia wa Maskati kuwashukuru.

Kumwambia shangazi waliniachia mimi. Nilituma ujumbe mrefu wenye dua mwanzo na mwisho. Akanyamaza siku kadhaa, jambo ambalo halijapata kutokea, hata Bi Mkubwa akaingiwa na hofu. Kisha ikaja sauti yake, tulivu kabisa. Hakukasirika. Alitaka kujua tu, Julai huko huwa nyuzi ngapi? Nikamjibu: mchana, ishirini na kidogo.

Ujumbe uliofuata ulikuwa mpango kamili. Yeye, binti yake na wajukuu, kuanzia shule zikifungwa mpaka Maskati ipoe, maana yake Oktoba.

Mume wangu alisoma, akaniangalia, akaniambia nimjibu kama anavyojibu jirani wetu wa Oulu. Nikaandika: "Ukija, tupigie kwanza. Siku mbili tatu kabla."

Simu ikalia palepale.

"Haya, nimepiga," alisema shangazi. "Mimi nataka chumba chenye dirisha."