Sifa za Gari Linalozima Kwenye Mataa

Gari zima halina hadithi. Mwenyewe analiwasha asubuhi, linamfikisha kazini, jioni linamrudisha, na hakuna jirani anayejua lina injini gani. Lakini gari linalotetemeka likisimama, likazima taa zikiwa nyekundu, hilo mtaa mzima unalijua. Watoto wanaliiga mlio. Mwenye duka humuuliza mwenyewe habari za gari kabla ya habari za nyumbani. Nani amewahi kupata umaarufu huo kwa gari linalowaka vizuri?

Nalisifu kwanza kwa kujua mahali pa kuzimia. Barabara ya Morogoro, kilomita 80 kwa saa, linateleza bila hata chafya. Ngoja lifike mataa ya Morocco saa kumi na moja jioni, daladala imeshabandika bampa nyuma, bodaboda wamelizunguka pande zote. Hapo mshale wa mizunguko unashuka kutoka 700 hadi 500, usukani unaanza kutikisika mikononi, dashibodi inawaka taa zote kwa pamoja, kisha kimya. Au linavumilia foleni yote ya pantoni ya Kigamboni, likishaweka magurudumu ya mbele kwenye ngazi ya chombo ndipo linapumzika. Halizimi pasipo na hadhira.

Wasiolielewa huliita la mikosi, kumbe lina hoja. Injini ikienda kasi huvuta hewa nyingi mno, na tundu dogo kwenye mpira wa hewa halionekani katika hesabu. Ikibaki silensa, yaani inanguruma gari likiwa limesimama, kile kipepeo cha throto kinakuwa kimefungwa karibu chote, na injini nzima inaishi kwa hewa ya upenyo mwembamba. Hapo ndipo hesabu inapobana: petroli gramu 1 inataka hewa gramu 14.7 ili iungue sawasawa. Mpira ukipasuka, inaingia hewa ambayo sensa haikuipima, mchanganyiko unakuwa mwepesi, moto unakosa. Masizi yakigandamana pembeni mwa kipepeo, hewa haitoshi na injini inakabwa. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 700 hupiga moto mara 1,400 kwa dakika. Silinda moja ikilala, unakosa mapigo 350 kila dakika, na kila moja unalisikia kwenye kiti. Hata mdai mwenye njaa hakumbushi deni namna hiyo.

Pili, ni gari lenye mkono wazi. Likianza tu kumisi, kila mpita njia anakuwa daktari. “Hizo plagi, bosi.” Zinanunuliwa plagi. “Basi koili.” Inanunuliwa koili. Inafuata pampu ya mafuta, inafuata sensa ya oksijeni iliyotolewa kwenye gari jingine na haina risiti. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji, nikaona kwamba ugonjwa wa gari hufanana mno na spea aliyonayo muuzaji siku hiyo. Mtaani Gerezani, maduka ya spea yamejipanga, watoto wanasomeshwa, na gari bado linazima. Ni kodi gani inayogawanywa kwa haki kiasi hicho?

Tatu, adabu yake mbele ya wageni. Likifika kwa fundi linatulia tuli. Unaweza kusimamisha sarafu juu ya injini. Mwenyewe anabaki kuigiza tatizo kwa mdomo, “Lilikuwa linafanya vup-vup-vup, fundi, wallahi,” huku mafundi wakitazamana. Likitoka getini, mita mia hazijafika, limezima.

Hata hivyo sifa kubwa kuliko zote ni kwamba linamtenga fundi na mbahatishaji. Mbahatishaji hufungua boneti kwanza. Fundi huanza na maswali. Linazima likiwa la baridi au likishapata moto? Ukiwasha AC linazidi? Tangu lini, na kabla ya hapo liliguswa nini? Kama juzi betri ilichomolewa au throto ilisafishwa, huenda kompyuta inahitaji tu kujifunza upya silensa yake, na hakuna kinachopaswa kununuliwa. Halafu ndipo anachomeka mashine kwenye ile soketi ya chini ya usukani, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996.

Mashine ikaandika P0302. Mwenye gari mkono umeshaingia mfukoni.

“Subiri kwanza, bosi,” fundi anamwambia. “Hiyo namba imetaja silinda ya pili. Haijataja koili.”

Anachukua spana namba kumi, anafungua koili ya pili na ya tatu, anazibadilishana nafasi, anafuta namba, anawasha. Ikirudi P0303, ugonjwa umehama na koili, basi koili imekufa. Ikirudi P0302 ileile, koili haina kosa. Ahamie kwenye plagi, nozeli na kompresheni. Kazi ya dakika chache, gharama yake ni jasho. Mafundi wa zamani hawakuhitaji hata hiyo mashine. Walichomoa waya mmoja mmoja injini ikinguruma: ukichomoa na mlio ukaharibika, silinda hiyo ilikuwa kazini, ukichomoa na injini isijali, huyo ndiye mvivu.

Mashine ikiandika P0171, kwamba mchanganyiko una hewa nyingi, mbahatishaji anauza sensa. Fundi anainama. Anapitisha vidole nyuma ya manifoldi, pale pasipofikika na macho, anabonyeza mpira mmoja baada ya mwingine huku sikio limelala kwenye mlio. Wengine hupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza kama injini itapanda (inashika moto, asiyejua asijaribu). Mpira wa kona unabonyezwa, na mtetemo unakata. Anautoa. Kwa juu ni mzima. Akiukunja, upande wa chini unafunguka ufa wa urefu wa kucha, pale joto lilipoukausha. Katika mitambo yote ile ya mamilioni, gari limechagua kuumwa kiungo cha bei ya chini kabisa. Huo nao ni unyenyekevu.

Faida ndogondogo nazipitia haraka. Mwizi haendi nalo mbali. Shemeji anayelitaka kwa harusi ya Jumamosi unamwambia, “Chukua tu, ila kwenye mataa weka N ukanyage mafuta kidogo, usiliachie,” naye anakumbuka ghafla kwamba bajaji zipo. Na watu wanapendana: magari mengi ya siku hizi ni otomatiki, ambayo hata yakisukumwa mpaka Kibaha hayawaki, lakini likizima tu wanatokea vijana wanne usiowajua, wanasukuma kwa moyo wote, na mmoja anapiga kelele, “Washa! Washa!”

Ombi langu ni kwa mafundi. Mkishalitengeneza, msimkabidhi mwenyewe funguo likiwa bado la baridi. Liacheni lingurume pale uani mpaka feni ya rejeta ijiwashe yenyewe na kuzima, kisha washeni AC na taa. Likivuka hapo bila kutetemeka, pokeeni hela yenu. Mwenye gari atasononeka kidogo kwa kurudi kuwa mtu wa kawaida, lakini atalipa.