Kitoto cha Brussels

Msafiri aliyevuka bahari kwa nauli ya kumtoa mtu jasho, akifika Brussels kwa siku mbili tatu za kutazama mji, haruhusiwi na adabu za watalii kurejea kwao kabla hajazuru sanamu ya shaba ya kitoto kiitwacho Manneken Pis, kilichoagizwa na mji mwaka 1619, kimo chake kama sentimita 55, na shughuli yake ni kukojoa hadharani. Kwetu mtoto wa tabia hiyo hutafutiwa mama yake. Huko hutafutiwa libasi, naye ana mavazi zaidi ya 1,000, ilhali mimi niliyekwenda kumwamkia nilikuwa na koti moja, nalo la kuazima. Nilisubiri nyuma ya msitu wa simu zilizoinuliwa, nikasogea, nikadhani hicho ni kionjo na sanamu yenyewe iko mbele; kumbe ndiyo, na siyo, maana ya asili imehifadhiwa makumbushoni, na hii ya njiani ni nakala. Basi nikanunua mbatata zilizokaangwa mara mbili, katika karatasi iliyosokotwa kama ya njugu, nikazila wima, moto, vidole vikiteleza mafuta, nimempa mheshimiwa kisogo. Hizo, wallahi, zilikuwa za asili.