Heko, Muuaji wa Ng'ombe

Wengine huusifu mkorosho kwa fedha zake, wengine ufuta. Mimi nampigia makofi kiumbe asiyejua stakabadhi ghalani wala mnada: kichaka cha jamii ya Dichapetalum, mwenyeji wa mapori ya Nachingwea na Ruangwa.

Ukarimu wake hauna mfano. Mwisho wa kiangazi, nyasi zimekwisha kuungua, ng'ombe mbavu nje, yeye huwahi kuandaa chakula: majani machanga, mabichi, laini. Hayo machanga ndiyo makali kuliko yote, lakini mwenye njaa hamhoji mpishi.

Elimu anayo. Bila kiwanda wala kibali hutengeneza fluoroasetati, sumu ileile ambayo New Zealand huimwaga kwa helikopta kuulia panya na wanyama wengine waharibifu misituni.

Tena ni mpole. Ng'ombe aliyemla hutembea kama mzima. Mchungaji akimswaga mbio hadi mtoni, akanywa maji, moyo hushindwa. Huanguka akirusha mateke, na daktari wa mifugo hana dawa ya kuitengua sumu hiyo. Basi sisi wenye haraka tunafunzwa subira: kundi lililoonja lipumzishwe kivulini, lisikimbizwe, wala lisiharakishiwe maji.

Ushujaa je? Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga, wakaleta matingatinga hadi Nachingwea. 1951 mradi ukafutwa, vichaka vikabaki. Walipokuja huku wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, vikao vikakaa kutenga malisho na mashamba. Yeye hakualikwa hata kikao kimoja, lakini mpaka wake ndio ambao ng'ombe hauvuki mara mbili.

Wabaya wake humfyeka na kumchoma moto. Huko ni kumpogoa tu: mizizi iko chini, na chipukizi zitakazotoka ndizo zile kali. Anaowaogopa ni watu wa aina mbili: anayemjua kwa sura, akapitisha mifugo kwingine hadi nyasi zirefuke, na anayechimbua mzizi hadi mwisho, kichaka kimoja kimoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfugaji mgeni apewe lake. Mwenyeji naye asikae barazani kutazama, maana mbuzi wake wanakula palepale.