Tindikali, Fundi Asiye na Kelele

Mchwa hutajwa kwa hofu na kutu kwa masikitiko, lakini tindikali iliyomo kwenye soda haijapata wa kuipigia vigelegele. Huo ni uchoyo. Enameli, lile gamba la nje la jino, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa haufui dafu. Asilimia 96 hivi yake ni madini. Tindikali inaibomoa bila nyundo. Kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi, madini huanza kuachia, na kola iko karibu na 2.5. Asidharau mtu hizo hatua tatu za kushuka kutoka 5.5 hadi 2.5: kila moja ni mara kumi, kwa hiyo ukali umepanda mara 1,000. Na kazi yenyewe ni ya kistaarabu, mwanzoni haiumi wala hainuki. Jino hulainika, likang'aa kama kigae, ncha ikawa nyembamba hadi mwanga unapenya, na mwenye jino bado anashukuru kwamba kiu imekatika.

Watasema mkosaji ni sukari. Dhuluma hiyo! Sukari hutegemea vibarua: lazima bakteria waile kwanza ndipo watoe tindikali. Soda isiyo na sukari huingia kazini yenyewe. Wengine watayataja mate. Kweli, mate huzimua ukali na kurudisha madini kidogo kidogo, ila yanataka muda, na anayeanza chupa saa nne akaimaliza adhuhuri, funda baada ya funda, hayapi muda huo. Anayekimbilia mswaki papo hapo ndiye saidia fundi hasa, maana enameli iliyokwisha kulainika huondoka kwa kusuguliwa. Dawa za kusukutua nazo zimo: baadhi zina tindikali. Lakini ustadi mtupu uko kwenye jino lililozibwa kwa amalgamu. Tindikali huipita amalgamu, ikala jino kandokando, mpaka kizibo kinachomoza kama mwamba maji yakipwa. Kiraka kipo, kanzu imekwisha.

Enameli iliyokwisha kuliwa haioti tena. Anayetaka kumnyima fundi huyu kazi ainywe soda yake pamoja na chakula, aimalize, asukutue kwa maji matupu, na mswaki ungoje angalau nusu saa.